Pikipiki ya Mzee Mizani

Babu yangu anapima kila kitu. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mkaguzi wa mizani, kazi ambayo wenzangu darasani hawaamini kama ipo mpaka niwaeleze. Mtu anafika sokoni na sanduku la mawe ya chuma yaliyopimwa sawasawa, anayaweka juu ya mizani ya muuza sukari, na mshale ukidanganya, mizani inafungwa hapo hapo kwa waya na lakiri. Wafanyabiashara walimwita Mzee Mizani hata alipokuwa kijana asiye na mvi. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa sababu walikuwa wamefungiwa mizani.

Masoko yalikuwa mengi na mbali, kwa hiyo kazi yote aliifanya juu ya pikipiki. Alizeesha pikipiki nne. Siku za kazi nyuma yake palikaa sanduku la mawe, na siku za mapumziko palikaa Bibi. Kila mwaka walisafiri hivyo, siku mbili barabarani, kwenda kumtembelea dada mkubwa wa Babu. Bibi alikuwa mnene na hakujali nani anajua. Alipenda kusema kwamba siti ya pikipiki ile imegawanywa kwa haki: robo tatu zake, robo ya mumewe, na kama mkaguzi ana malalamiko aandike barua.

Bibi alifariki miezi saba iliyopita, hospitalini, mchana, Babu akiwa ameshuka kununua maji.

Nilidhani nyumba yetu itajaa huzuni. Haikujaa kitu chochote. Ilikuwa kama redio iliyopunguzwa sauti mpaka mwisho lakini taa yake bado inawaka. Babu alikula, alioga, alinyoa ndevu. Ukimwambia chai imepoa, anasema sawa. Ukimwambia ipashwe moto, anasema sawa. Mimi ni mtu wa kuuliza, hata walimu wananilalamikia, kwa hiyo siku moja nilimuuliza kama inauma. Alifikiri kwanza, vile anavyosubiri mshale utulie.

"Hapana," akasema. "Ni kama mguu ulioulalia."

Kisha pikipiki ikamwangukia. Si barabarani. Ilikuwa getini kwetu, imesimama, injini imezimwa, na Babu alikuwa anataka tu kushuka. Ile ya mwisho ni ndefu kwenda juu, na nyonga yake ya kulia siku hizi haimsikilizi. Mguu haukuvuka, pikipiki ikalala, Babu akalala chini yake. Majirani wawili waliinyanyua. Hakupiga kelele wala hakuita mtu. Nilipotoka nilimkuta chini anaangalia mawingu, na akaniomba nizime swichi ya mafuta.

Mama ni binti yake wa pekee, na ni muuguzi katika wodi ya mifupa. Waendesha pikipiki anawajua kwa vipande. Nilisubiri afoke, hakufoka. Alimfunga Babu kifundo cha mguu, akavuta kiti, akampa masharti kama anayempa mgonjwa dawa. Akitaka kuendelea, atafute pikipiki nyingine ya safari ndefu, ambayo akiikalia miguu yote miwili inakanyaga chini bapa, na ambayo akiiendesha saa nzima anashuka bila maumivu. Muda ni mpaka shule zifunguliwe. Ikishindikana, atampa Mama ufunguo na helmeti, na kwa dada yake ataenda kwa basi.

Babu akasema sawa. Baadaye, jikoni, Mama aliniambia kwamba afadhali angebisha.

Ndivyo likizo yangu yote ilivyoishia kwa Fundi. Fundi anatengeneza na kuuza pikipiki kubwa zilizokwisha kutumika, kwenye banda la mabati nyuma ya duka la mbao, na vumbi la msumeno linaingia mpaka kwenye chai. Amemjua Babu tangu pikipiki ya pili. Babu alifika na futi ya chuma na daftari langu la hisabati la mwaka jana, upande wa kurasa tupu. Alipima urefu wa siti kutoka chini, kutoka siti hadi usukani, kutoka siti hadi pa kukanyagia. Akauliza uzito, akauliza tena tangi likiwa limejaa. Fundi akamwambia, mzee wangu, hii ni pikipiki, si mchumba, hakuna haja ya kuchunguza ukoo mzima. Babu akasema mchumba hakumpima, na akaendelea kuandika.

Ya kwanza ilikuwa kubwa ajabu, ina kioo cha upepo kama cha gari, mabegi magumu pembeni na siti kama sofa. Niliipenda mno. Babu alijaribu kuiondoa kwenye stendi mara tatu, ikakataa, akasema asante. Ya pili ilikuwa nyepesi lakini ndefu kama mbuni. Alisimama juu yake kwa vidole vya miguu tu. Ya tatu ilikuwa fupi na ya kijivu, injini ya wastani, kioo kidogo, siti moja ndefu ya watu wawili. Sentimita sabini na nne kutoka chini. Babu akaikalia, miguu yote miwili ikatua bapa kama chapa. Fundi akafuta mikono akidhani kazi imekwisha.

Babu akaenda kuijaribu. Baada ya dakika arobaini alirudi ameshika kiuno, na viganja vimekufa ganzi.

Fundi aliunyanyua usukani. Babu akaenda, akarudi ameshika kiuno. Fundi akalegeza springi za nyuma, akabadilisha sponji ya siti, akasogeza pa kukanyagia. Kila mara Babu alikwenda, akarudi, akapima upya, akaandika. Nilitazama zile namba nami nikaona zinapendeza. Zilifanana kabisa na zile alizosema zinamfaa mtu wa kimo chake. Kiuno tu ndicho hakikuzisoma.

Jaribio la tano, Fundi akajisemea kwamba labda tatizo ni mwaka wa kutengenezwa.

"Wa pikipiki?" Babu akauliza.

"Wa dereva."

Kwa kawaida Babu angejibu, na Fundi angekoma. Safari hii aliitikia kwa kichwa polepole akasema inawezekana. Fundi akainamia spana yake.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, Babu aliosha helmeti yake kwa sabuni, akaikausha, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Alimwambia Mama apitie kwa Fundi akitoka kazini, wakamalizie pale pale, mbele ya shahidi. Hivyo ndivyo alivyozoea kufunga mizani ya watu, sioni kwa nini angejifungia yake tofauti.

Mama alikuja na viatu vyake vyeupe vya zamu, amechoka, akasimama kwenye vumbi la mbao. Babu alimpa mfuko. Juu yake akaweka ufunguo wa pikipiki ya nyumbani. Nilikuwa nahesabu spoku za gurudumu la mbele. Nilifika ishirini nikaanza upya. Ningependa kuandika kwamba nililia, ila sikulia.

Pikipiki ya kijivu ilikuwa imeziba mlango wa banda. Fundi akamwomba Babu, kwa kuwa yuko karibu, aiwashe aisogeze pembeni. Babu akaikalia. Wiki zote hizo Mama hakuwahi kumwona juu yake, kwa sababu majaribio yalifanyika akiwa zamu. Sasa alikuwa amesimama ubavuni kwake, hatua tatu tu, na akamtazama jinsi anavyowatazama wagonjwa wanaoingia mlangoni.

"Baba," akasema. "Mbona umekalia tangi?"

Babu akajiangalia. Akasema amekaa kawaida.

"Magoti yako yamepita tangi. Mgongo umekunjika kama ndoana. Nyuma yako kuna nafasi ya mtu mzima."

Akanyamaza ghafla. Fundi, aliyekuwa anafuta kitu, aliendelea kufuta pale pale. Sote tulikuwa tunaangalia ile siti. Babu alikuwa kwenye robo yake. Robo tatu zilikuwa tupu, safi, sponji mpya, na mtu aliyepima kila kitu pale bandani kwa futi ya chuma hakupima kamwe mahali alipokaa yeye.

Mama alisema kwa sauti ya chini zaidi, "Sogea nyuma, Baba."

Ilimchukua muda. Alisogea kidogo, akasimama, akasogea tena, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Kwa makadirio yangu alisogea upana wa daftari. Mabega yakashuka, viwiko vikakunjuka, mgongo ukanyooka wenyewe. Alikaa hivyo akitazama mbele, mikono kwenye usukani. Nilimkodolea macho nikingoja uso wake ubadilike. Haukubadilika.

"Lete futi," akaniambia. "Andika upya."

Niliandika. Fundi akaushusha usukani ulipokuwa mwanzo, akakaza springi, huku akinung'unika kwamba amemaliza wiki tatu akitengeneza kitu kizima. Mama akamrudishia Babu helmeti, na Babu akaondoka kwenda kuendesha saa yake nzima.

Tulimsubiri. Mama alikalia kopo la oili lililopinduliwa, ufunguo ule bado mkononi.

"Ningenyamaza tu, angeacha," akaniambia. "Nilikuwa nimeshashinda."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunyamaza. Alisema hawezi kuona mgongo umekaa vibaya akapita, ni mazoea ya kazi. Kisha akasema tangu akiwa mdogo alikuwa akiwaona wakiondoka vile, Babu amebanwa mbele na Bibi ametawala nyuma, akidhani pikipiki zote zinaendeshwa hivyo.

Babu alirudi baada ya saa moja na dakika tisa. Mguu ulivuka siti bila kugusa. Mama akamgeuza, akambonyeza kiunoni kwa vidole gumba, juu, chini, pembeni.

"Panauma?"

"Hapana."

"Mikono?"

Akaifumba na kuifumbua. "Ipo."

Mama akamrudishia ufunguo ili ile pikipiki ndefu ya nyumbani ije kwa Fundi kubadilishwa na hii. Mengine Babu na Fundi walimalizana wenyewe. Ila kabla hatujaondoka Mama alipekua mfuko wa sare yake, akatoa roli ya plasta nyeupe ya hospitali. Akakata kipande kwa meno, akakibandika kwenye siti ya kijivu, kutoka upande huu hadi upande ule, na kukisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika.

"Usikae mbele ya hapa," akasema. "Hata ukisahau. Hata ukiwa na haraka."

Babu aliinama akaitazama plasta ile kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa. Akatoa futi mfukoni, akapima kutoka ukingo wa tangi upande wa kushoto, akapima upande wa kulia.

"Imepinda milimita nne," akasema.

Mama akaibandua, akaibandika upya.