Fundo la Kamba ya Katani

Juzi nilikwenda Mwamkulu kusafisha stoo ya baba, maana nyumba tumeipangisha na mpangaji anataka kuweka mahindi yake. Nyuma ya plau iliyoshika kutu nikaikuta kamba ile ya katani, bado iko kwenye msumari wake, na fundo lake katikati. Nikakaa chini. Wewe unanijua, rafiki yangu, mimi sikai kwenye vumbi hovyo, lakini siku hiyo nilikaa.

Nilikuwa na miaka tisa. Simu ilikuja kwa jirani kutoka Mwese, kule milimani, kwamba bibi, mama yake mama, hali tena chakula na kila siku anamuulizia binti yake. Mama alikuwa hatembei tangu uzazi wake wa mwisho, na tangu hapo bibi hakuwahi kumwona. Huko kwao walishaanza kunong'ona kwamba amekufa, sisi tunaficha. Bodaboda wangeweza kumbeba mama, lakini si pamoja na kiti chake cha magurudumu, naye akakataa kabisa kuingia kwao kama gunia la mpunga.

"Mama anione nimekaa," alisema. "Nikilazwa mbele yake, atajua mmemletea maiti."

Basi baba akafunga kamba kutoka kwenye keria ya baiskeli hadi kwenye kiti. Tambarare aliendesha polepole, mimi nakimbia pembeni. Mlimani alishuka akaikokota baiskeli, nami nikasukuma kiti kwa nyuma. Penye mteremko alitangulia kushusha baiskeli na mizigo, kisha akarudi juu kwa miguu, akaifunga kamba nyuma ya kiti na kumshusha mama taratibu, amejikaza kama anayezuia ndama. Tulipokuwa tunamsubiri juu, mama alifunga breki na mimi nilishika kamba, kwa tahadhari tu.

Kila tulipopumzika tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kushushia mtindi wa kwenye kibuyu. Baba hakuchoka kusema safari ni hatua. Mama akamjibu, "Hatua zenyewe mimi sina, labda unihesabie za kwako." Walicheka, lakini mimi sikuweza. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbung'o kwa tawi la majani, maana mama hakusikia maumivu miguuni, na inzi wale wangemnyonya hadi damu ichuruzike bila yeye kujua. Nilitazama miguu yake siku mbili nzima. Kila mtu tuliyepishana naye niliogopa atatuambia bibi ameshafariki.

Asubuhi ya siku ya tatu magurudumu yalianza kulia kwii, kwii. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, Msukuma hasa, na kwake samli ilitibu kila kitu: kikohozi, visigino vilivyopasuka, bawaba za mlango. Akafungua chupa ya samli tuliyompelekea bibi, akayapaka magurudumu bila ubahili. Kiti kikanyamaza. Tukamsifu sana.

Jua lilipopanda, samli ikayeyuka na kutiririka hadi kwenye matairi, pale pale breki zinapokaba.

Tulikuwa juu ya mteremko wa mwisho, mapaa ya nyumba za kwao mama tunayaona ng'ambo ya kijito. "Nyie subirini hapa hapa," baba akasema, akashuka na baiskeli. Hajafika hata nusu, kiti kikaanza kuteleza. Mama alivuta breki kwa mikono miwili, wapi. Kamba ikanivuta, nikaanguka kifudifudi, kokoto zikanichuna magoti.

Alipiga kelele, "Achia, mwanangu! Achia!"

Yeyote aliyesikia angedhani nilitii. Ukweli ni kwamba alipofungua mdomo nilikuwa nimeshaachia. Niliogopa, nikaachia. Nikamwona mama anashuka peke yake, kitenge kinapepea, na baba anapanda mbio akipiga mayowe. Kiti kikaacha njia, kikajichomeka kwenye nyasi ndefu na kupinduka.

Tulimkuta amekaa kwenye nyasi, kiwiko kinatoka damu. Kabla baba hajauliza lolote, mama akasema, "Kamba imekatika." Baba aliitazama kamba, akanitazama mimi, akainama kukiinua kiti.

Bibi alikuwa hai. Mama alisukumwa hadi kitandani kwake, amekaa wima, na bibi akampapasa magoti, akalia, akacheka, akaomba uji. Alikunywa vijiko vitatu. Baba hakuingia, maana mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Alikaa uani kwa jirani jioni nzima na kamba yake na kisu chake. Ndugu walipouliza habari za kiwiko, mama akasema tena, kwa sauti, kwamba kamba ilikatika. Nilitamani ardhi inimeze. Mtu akiiomba hiyo kamba aione, nitasema nini?

Asubuhi niliikuta kwenye keria, ina fundo katikati. Nikapumua. Mtoto huamini upesi kile anachokitaka, nami nikaamini kwamba kumbe kweli ilikatika. Bibi hakumaliza wiki, tukamzika, tukarudi kwa njia ile ile.

Siku hizi barabara ya Mwese imechongwa, na magari yanapita pale nilipoanguka bila hata kupunguza mwendo. Mama alipofariki tulikitoa kiti chake kwa mgonjwa mwingine, na baba akamfuata mwaka uliofuata. Imebaki kamba. Pale stoo nililifungua lile fundo kwa meno na kucha. Katani ikikatika kwa kuvutwa huchanika nyuzi nyuzi, kila mkulima anajua. Ncha zile mbili zilikuwa zimenyooka, zimekatwa kwa kisu.

Miaka yote nilitaka kumwambia mmoja wao kwamba niliachia. Sasa hakuna wa kumwambia, na kumbe wote wawili walikuwa wanajua.