Hodi kwa Watu Wasio na Mlango

Dada yangu ni fundi cherehani, na kama hujawahi kugombana naye, hujamjua. Mwanawe wa kwanza alipoanza kuvunja maduka na wenzake, dada hakwenda polisi wala kwa mganga. Alivaa gauni lake la kutokea, akabisha hodi nyumba baada ya nyumba, akakaa kwenye viti vya mama wenzake, akalia nao. Akina mama wakawabana watoto wao mpaka kikundi kikavunjika. Vijana wale sasa wana familia zao, na wakipita dukani kwake wanamwamkia shikamoo mama.

Huyu wa pili ndiye aliyemtoa jasho. Kijana mpole, hatoki, hana rafiki hata wa kuazimana naye shati. Na sisi tukamsifu, watu wazima ovyo! Kumbe chumbani mle alikuwa akiwatapeli watu kwa simu, akijifanya mtu wa benki. Waliomfundisha ni wenzake wa kwenye kundi la simuni, watu ambao hajawahi kuwaona hata sura.

Dada aligundua alipomsikia akimbembeleza bibi wa watu ataje namba yake ya siri. Akawaka, halafu akataka kujua hao wenzake wanakaa wapi akaonane na mama zao. Kijana akacheka, kisha akasema hata yeye hajui.

Maskini dada yangu, akafanya lile alilolizoea. Mwanawe alipoingia kuoga, aliichukua simu, akalifungua lile kundi, akawarekodia sauti yake.

"Hodi wanangu. Mimi ni mama yake. Nawaomba, niachieni mwanangu."

Hakuna aliyeitikia karibu. Walimtoa kijana kwenye kundi, kisha mmoja mmoja wakamfungia asiwapate tena.

Dada alikuja kwangu mbio, anacheka, eti tumempata. Tulipofika kwake tulimkuta kijana amekaa kitandani, taulo begani, simu mkononi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpasha. Lakini alikuwa akilia kama mtu aliyefiwa, na mimi roho ikaniuma.

"Mama," alisema, "wale walikuwa wananiuliza kila siku kama nimekula."

Sahani ya mchana ilikuwa bado mezani, imefunikwa, na sisi hatukuwa tumemuuliza.