Gitaa Jeupe la Mwalimu wa Kwaya

Wiki jana nilipita mtaa wa Mountain View, hapa Nairobi, nikitafuta mahali karakana yangu ilipokuwa. Sikupaona. Pamesimama ghorofa ya vioo, na mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akipuliza lango rangi, na ile harufu ya thina ya kuyeyushia rangi ikanijia puani. Nikasimama pale kama mjinga.

Wewe uliyenijua unakumbuka nilivyokuwa. Darasa la tatu sikulimaliza. Kazi niliianzia kwa nyanya yangu, nikimsugulia vigoda kwa majani ya msasa mpaka viteleze. Kufika miaka ya elfu mbili, makabati ya matajiri wa mtaa wa Karen yaliletwa kwangu kwa pikapu niyapake rangi na vanishi, na wenye nyumba kubwa wakanisubiri mimi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Julai moja akaja mwalimu wa kwaya, jirani yangu aliyefundisha pia shuleni, mtu wa magharibi mwa Kenya. Alikuwa na gitaa la umeme alilonunua kutoka kwa bendi ya baa: jekundu, limechorwa ndimi za moto na mwanamke ambaye nguo hazikumtosha. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia hilo halitaingia kanisani likiwa hivyo.

"Mama yangu anakuja kwa matibabu," akaniambia. "Atakuwa hapa Jumapili moja tu. Hajawahi kunisikia nikipiga. Anadhani napoteza wakati."

Nikalilaza mezani, nikafungua skrubu. Ndani kulikuwa na nyaya nyembamba, nyeusi, nyeupe, kijani, zimechomelewa huku na huku. Mwalimu akatoa kalamu.

"Fundi, hebu tuchore kwanza zinavyokaa."

"Kuchora ni kwako darasani, Mwalimu. Mimi naweka hapa," nikagonga kipaji cha uso.

Akacheka, akarudisha kalamu mfukoni. Nikazing'oa zote zisiharibiwe na rangi.

Nikakwangua moto, nikakwangua mwanamke, nikapiga msasa, nikapuliza nyeupe. Lakini Julai ya Nairobi unaijua. Jua linakataa kutoka, manyunyu hayaishi, na vanishi ikiguswa na unyevu inashika ukungu. Nikakwangua tena, nikapuliza tena. Mke wangu ananiletea chai na viazi vitamu, vinapoa mbele yangu nikitazama mawingu. Wiki tatu zikaenda hivyo, na mama wa mwalimu akafika.

Jumamosi rangi ikakauka. Ungeuona uso wako ndani yake! Nikaanza kurudisha nyaya. Hii ya kijani ilitoka wapi? Nikachomelea huku. Mwalimu akachomeka gitaa kwenye spika yake, likavuma kama nyuki kwenye mkebe, kisha kimya.

"Jaribu ile nyeusi, Fundi."

Nikajaribu nyeusi. Nikajaribu zote. Kimya.

Tukakimbia mjini, barabara ya River Road, kwa fundi redio niliyemwamini. Mlango una kufuli. Muuza betri wa kando akatucheka: "Leo ni Sabato kwake! Huyo hata redio yake mwenyewe haiwashi." Fundi wa pili akachungulia ndani, akauliza, "Nani amechezea hii?" Akanirudishia gitaa. "Rudini Jumatatu," akasema.

Jumapili wazee wa kanisa waligeuza gitaa huku na huku wakalisifu. Mwalimu akalivaa begani, akasimama na kwaya. Vidole vilikwenda kwenye nyuzi vizuri, lakini sauti haikufika hata benchi la kwanza. Mama yake alikuwa kwenye la tatu, ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio. Mimi nyuma yake, mikono yangu hii yote miwili bila kazi.

Nje, mama yake akalipapasa gitaa.

"Wewe ndiye fundi, baba? Umefanya kazi. Masikio yangu yamechoka, leo sikumpata mtoto wangu, kwaya imemfunika. Hebu niambie wewe. Anapiga vizuri?"

Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Vizuri sana, mama," nikasema.

Akatabasamu, akamshika mwanawe mkono. Kesho yake akapanda basi la asubuhi kurudi kwao, na Nairobi hakuiona tena. Mchana wa siku hiyo hiyo yule fundi redio wa pili aliunganisha zile nyaya kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Siku hizi rangi inakaushwa kwa mashine, na mwalimu alihamishwa kitambo. Wateja wa zamani waliobaki wananiambia mkono wangu haukuwa na mwenzake, nami nakubali. Lakini yule mama nilimjibu kama mtu anayejua, na mpaka siku hiyo sikuwa nimemsikia mwalimu akipiga hata wimbo mmoja.