Samli Usoni mwa Bibi

Siku ile darasani tulikuwepo mimi, mwalimu wetu wa darasa la sita, wanafunzi wenzangu, mdogo wangu wa kike ambaye hata shule alikuwa hajaanza, na bibi yetu. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alinisikia.

Nimeikumbuka tena juzi. Mdogo wangu huyo, ambaye sasa ni muuguzi, alinipiga picha kwa simu, akaichezea kidogo, kisha akanionyesha. "Dada, nimekutoa makunyanzi yote. Tazama, huna hata doa!" Kweli, mabaka meusi ya mashavuni, niliyopewa na jua na moto wa kukaangia maandazi, hayakuwepo. Mistari ya paji la uso nayo ilikuwa imefutika. Nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani peke yangu.

Kama umekulia huku, unajua kiangazi chetu kinavyokausha ngozi. Enzi zile Mkonze, kijiji chetu nje ya mji wa Dodoma, ilikuwa mashamba ya uwele na vumbi jekundu. Baba na mama walikuwa wameshatutoka. Bibi alimtwangia uwele jirani mmoja mfugaji, naye akampa samli kidogo kwenye kibuyu. Kila asubuhi alichovya kidole akatupaka usoni, kwanza mdogo wangu, kisha mimi, akisugua mpaka masikio yanawaka moto. "Uso mkavu hutangaza njaa ya nyumbani," alisema. Utelezi uliobaki kidoleni aliupangusia kwenye nywele zetu. Uso wake hakuugusa. Ulikuwa umepasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na mimi niliamini wazee ndivyo walivyo.

Mwalimu alitaka kila mwanafunzi, kwa zamu yake, aje na mzazi au mlezi. Asubuhi ya zamu yangu, kwa mara ya kwanza, Bibi alijipaka samli, tena nyingi, asije akanitia aibu. Mimi nilitangulia. Yeye akafuata kwa miguu, kamshika mdogo wangu mkono, na upepo wa Dodoma unaujua. Alipofika mlangoni, vumbi lilikuwa limeganda juu ya samli na kujaa katika kila kunyanzi.

"Jamani, bibi kapigwa lipu!" mvulana mmoja wa nyuma alisema.

"Bado rangi tu!" mwingine akadakia.

Darasa likaangua kicheko. Bibi akadhani tumefurahi kumwona. Akatabasamu, na lile vumbi likapasuka mashavuni. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, na kicheko kikazidi.

Mwalimu akanigeukia. "Huyu mama ni nani wako?"

"Ni jirani yetu, mwalimu."

"Dada!" mdogo wangu alianza. Alikuwa amekuja kusimama kando yangu. Nikamkanyaga mguu.

Bibi alinitazama, kisha akamwambia mwalimu, "Ndiyo, mwalimu. Mimi jirani tu. Bibi yao anaumwa, kanituma."

Njiani kurudi nyumbani alitembea nyuma yetu, mbali kidogo, kama jirani. Hakunigombeza, wala jioni hakunipunguzia mlenda. Kesho yake alitupaka samli kama kawaida. Uso wake aliendelea kuuosha kwa maji matupu mpaka alipofariki mwaka uliofuata. Ndipo nikaacha shule nimlee mdogo wangu. Kila asubuhi nilimpaka mafuta, na yaliyobaki kidoleni niliyapangusia kwenye nywele zake. Hilo sijutii.

Mashamba ya uwele yamekuwa viwanja na nyumba. Kibuyu kile sijui kiliishia wapi. Bibi hakupigwa picha hata moja, kwa hiyo sura yake haipo popote, ila labda hii niliyonayo mimi usoni, ambayo mdogo wangu ameifuta kwa kidole akinipenda.

Mwalimu yule amestaafu, anaishi hapa Nzuguni, na hununua maandazi kwangu. Mara zote namwamkia, anaitikia, tunaongelea mvua. Miaka yote hii nimejiambia kwamba akija kesho nitamwambia.

Wiki iliyopita alipokea chenji yake lakini hakuondoka. Aliniangalia uso muda mrefu.

"Unajua unanikumbusha nani? Yule mama jirani yenu, aliyekuja shule siku ile. Mmefanana mno. Hivi mlikuwa ndugu?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Nikainama, nikamfungia maandazi yake kwenye gazeti.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Tulikuwa majirani."