Kamera Nyepesi ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mpiga picha za harusi hapa Tunduma. Ugonjwa ulipomlegeza mikono, kamera yake kubwa ilimshinda. Kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kilikuwa kipana, kwa hiyo hata lenzi zake zilikuwa kubwa na nzito. Nikamtafutia kamera ndogo.

Akaenda nayo harusini Itumba, katika kanisa lenye mwanga hafifu. Aliporudi tukazitazama picha pamoja. Nyuso za maharusi zilijaa chenga, vidoa vidogo kama punje za mchanga.

"Kihisi kidogo, mama. Mwanga kinaoupata hautoshi," alisema taratibu.

"Mbona mimi naziona nzuri, baba?"

Alinitazama kwa huruma, akaizima kamera. Hakupiga picha nyingine hadi alipofariki, nami nililia nikijua kwamba aliagana na kazi yake siku ile.