Mkato Uliomponza Chiriku

Ndugu zake Chiriku wote wanajua: ukienda kwake, chunga mdomo wako. Si kwamba ni mmbeya, hasha. Ni mwandishi wa tamthilia ya runinga, na neno likikuponyoka sebuleni kwake leo, mwezi ujao utamsikia mwigizaji akilisema, tena kwa machozi. Binamu yake alimsimulia alivyokwama kumtongoza muuza viatu. Haukupita muda akajiona kwenye runinga amekwama vilevile, kiatu mkononi. Siku hizi akija anazungumzia hali ya hewa tu.

Kazini, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika kuliko wafanyakazi, mtayarishaji humwambia kila wiki kwamba watazamaji wanataka gari lipinduke. Chiriku hubisha mpaka povu limtoke.

"Gari lipinduke, halafu? Nani atajali bati?" huuliza. "Mtu anajali kwamba dereva alitoka nyumbani hakumuaga mkewe. Nipe hiyo kwanza, gari nitakupindulia hata matatu."

Huyasema hayo kama kayavumbua yeye. Thubutu! Kayapata kwa shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Chiriku akiwa na miaka sita. Shangazi huyu alikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini, na ukoo mzima humwita Nukta, maana akishatamka neno lake mjadala umekwisha. "Huendi. Nukta." "Hujashiba, ongeza. Nukta."

Kila Alhamisi, tamthilia ikiisha tu, simu ya Chiriku ilikuwa ikilia. Hakuna hujambo wala habari za kazi. "Yule kijana ana wazimu? Mwambie akamwombe mama yake radhi!"

"Shangazi, yale ni maigizo."

"Maigizo gani, na mimi nimeunguza shuka kwa pasi kwa ajili yake?"

Watazamaji wengine walikuwepo, tena kwa maelfu, lakini Chiriku hakuwahi kukutana nao. Alimwandikia huyu mmoja mwenye pasi. Ile simu ndiyo iliyokuwa mshahara wake. Ule mwingine ulikuwa wa kodi ya nyumba.

Sasa sikieni balaa. Chiriku hawezi kumwandika mtu asiyemjua, kwa hiyo kwenye rasimu wahusika wote hupewa majina ya nduguze. Akimaliza, huiagiza kompyuta ibadilishe: kila penye "Shangazi Nukta" iweke "Mama Mwenye Nyumba". Na ikabadilisha, mara arobaini na moja. Mahali pamoja tu alikuwa ameandika "Shangazi, Nukta yule," akatia mkato katikati. Kompyuta haina ukoo, ikapita zake. Waigizaji nao alikwishawaapisha wasiguse hata herufi.

Basi Alhamisi hiyo binti wa tamthilia akatazama mbele, akasema kwa sauti safi kabisa: "Shangazi, Nukta yule, amenipa kila kitu. Ila sijawahi kumwona akimkumbatia mtoto anayelia."

Chiriku akaganda, kikombe kikiwa mdomoni. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na wahenga wenyewe hawakuwa na runinga. Akaitazama simu. Kimya. Ikapita Alhamisi ya pili, kimya. Jirani wa Shangazi akamnong'oneza kwamba runinga imegeuziwa ukutani.

Akafanya analolijua. Akaandika sehemu nzima ya kuomba radhi: mvua, magoti, kilio cha kupasua kifua. Nchi ikalia. Mtayarishaji akasahau habari za magari, akataka nyingine kama ile. Shangazi hakupiga. Hapo Chiriku aliogopa kweli, maana huyu ndiye mama pekee aliyebaki naye.

Jumamosi asubuhi akaenda mwenyewe, karatasi mbili mfukoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Salamu ni haki ya kila mtu, kiti hakuonyeshwa.

Chiriku akafungua karatasi. "Shangazi yangu mpendwa, maneno ni kama..."

"Kunja hiyo. Umeshanisemea kwa kinywa cha binti nisiyemjua, sasa unataka kunisomea?"

"Ulikuwa mkato tu, Shangazi! Kompyuta haikuona..."

"Mkato?" Shangazi alicheka kicheko kikavu. "Miaka thelathini nimepiga chapa, sijapata kusingizia mkato. Lile neno ni lako au si lako?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Ni langu."

"Ni la kweli au si la kweli?"

"Ni la kweli, Shangazi."

"Sasa kama ni la kweli, mbona hukuniambia mimi? Mtu akisemwa kwenye runinga anajibia wapi? Nimesimama hapo na pasi yangu, namjibu, na yeye anaendelea kuongea!"

Chiriku akazikunja karatasi, akazirudisha mfukoni. Akakaa chini sakafuni. "Nijibu sasa," akasema. "Nakusikiliza."

Shangazi akavuta kiti, akaketi.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Wiki ile ya msiba, kila ukilia natoka kwenda uani kufua. Nguo zikiisha, nafua zilizo safi. Ningekushika, ningelia na mimi. Nyumba ingekuwa na watoto wawili wanaolia na hakuna mkubwa. Nikasema nitamshika akinyamaza. Uliponyamaza, nikaona aibu kuanza."

Chiriku amewaliza watu sehemu mia mbili, lakini kulia kwenyewe hajui kulia vizuri. Alilia vibaya, kamasi na kwikwi, bila hata neno moja la kufaa kuandikwa.

Shangazi akainuka, akamwendea, akasimama mbele yake na mikono imening'inia.

"Haya," akasema kwa hasira, macho yamemlowa. "Naanza na mkono upi?"

"Wowote, Shangazi."