Siku Niliyokwenda Kuposa Kibokoni

Kwa miaka mingi ya ukasisi wa Kianglikana jeshini, kazi yangu ilikuwa kuzika, kufariji na kupatanisha watu. Nilipopandishwa cheo na kuletwa Mombasa niwe kasisi mkuu wa wanamaji, sikufikiri kwamba siku moja ningetumwa kuposa.

Baharia mmoja, kijana Mwislamu kutoka bara, alikuwa amempenda mwalimu wa chekechea wa Kibokoni. Akaja ofisini, kofia mkononi.

"Padri, wazee wa kwao wataka kumuona babangu. Nami sina baba. Nenda wewe."

"Mimi? Muombe sheikhe."

"Nimemuomba. Asema atakwenda, lakini baba ni wewe."

Sheikhe wa kambi, niliyekuwa nikitumia naye ofisi moja na birika moja la chai, aliinua mabega tu akacheka.

Basi Jumamosi alasiri nikatoka nyumbani kwangu Ganjoni nimevaa suti na kola yangu nyeupe. Mke wangu alitaka nivae kanzu, lakini ningejiona mwongo.

Wazee walitupokea vizuri, mimi na sheikhe. Masalkheri zikaisha, kahawa ikamiminwa, na baba wa binti akamgeukia sheikhe.

"Baba wa kijana yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

Mzee akaitazama kola yangu. "Padri?"

"Mzee wangu, sikumzaa," nikasema. "Mamake alipofariki tulikuwa baharini, kwenye meli ya doria, na mimi ndiye niliyempa habari. Sheikhe hakuwako. Nikamtafutia chumba, nikakaa mlangoni asisumbuliwe, naye akamsomea mamake Kurani mpaka akatosheka. Tangu hapo huniita baba, nami huitika."

Mzee akaweka kikombe chini. "Na tabia yake?"

"Njema. Haogopi kazi, na akikosa huomba radhi. Kasoro yake ni kuimba. Huimba akipiga deki, na sauti hana."

Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, kimoja kikiwa juu kuliko vyote. Nikakisia ni cha binti mwenyewe. Kisha nyanya wa binti akapaza sauti: "Mpokeeni! Na huyo padri mwongezeni halua!"

Baba wa binti alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Umesikia. Mamangu akishasema, mimi sina langu. Kijana tumempokea, na babake pia."

Siku ya nikaha sheikhe alifungisha ndoa msikitini, nami nikangoja nje barazani na majirani. Walipotoka, wajomba wa binti wakanivika koja la asumini juu ya kola, wakanivuta katikati ya ngoma. Nimezoea gwaride, si kucheza, lakini nilicheza mpaka suti ikalowa.

Sasa nimestaafu, na kwetu bara sikurudi. Kila Idi binti mkubwa wa baharia wangu hupanda ngazi zetu na sinia la biriani, akiita "Babu! Babu!" kabla hajafika mlangoni.